Wageni Hawali Mahindi

Iko nchi moja ambayo jina lake haliruhusiwi kutajwa bila kibali, na ofisi ya kutoa kibali imefungwa tangu mwenye funguo alipopandishwa cheo. Kwa hiyo sisi tutaiita Furahani. Msomaji akidhani anaifahamu, hayo ni yake na dhamiri yake.

Furahani ilikuwa nchi ya neema. Mvua ilinyesha kwa wakati wake, isipokuwa miaka ambayo haikunyesha, na miaka hiyo redio ilitangaza kwamba imenyesha. Watu wake walikuwa wakulima, watiifu, wenye shingo nyepesi za kuitikia. Juu yao wote aliketi Mtukufu Mlezi, aliyewapenda mno wananchi wake, hasa alipokuwa mbali nao.

Mambo yalianza siku wageni kutoka ng'ambo walipokuja kumtembelea. Walipelekwa kuliona daraja jipya. Kwa kuwa daraja lenyewe lilikuwa bado kwenye ramani, wakaketishwa ukingoni mwa mto kulingoja, na katika kungoja huko wakaona kundi la nyani likinywa maji. Wakapiga picha wee. Bibi mmoja miongoni mwao akasema hajapata kuona nyani warembo namna ile dunia nzima. Mtukufu Mlezi, ambaye kwa miaka mingi hakuwa amesikia mtu wa nje akisifu kitu chochote cha Furahani, alitokwa na machozi. Kabla jua halijatua akawa ametangaza kwamba kuanzia siku hiyo nyani si nyani tena, bali ni Mgeni wa Kudumu wa Taifa.

Sheria ikafuata mbio. Mgeni hafukuzwi, hazomewi, hapigiwi debe, hatupiwi jiwe wala neno. Uzio wa miiba ni tusi kwa Mgeni. Mbwa abweke kwa adabu au afungwe kinywa. Sanamu za kutishia wanyama shambani ziliruhusiwa kwa sharti kwamba ziwe zinatabasamu na zimenyoosha mkono wa salamu, na Wageni hawakuwa wachoyo wa shukrani: walizivua kofia na kuzivaa wenyewe.

Methali nazo zilipitiwa. "Nyani haoni kundule" ilifutwa yote, haikuachwa hata herufi. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" ilizua ubishi mkubwa katika baraza la mawaziri. Waziri wa Kilimo alisema hiyo ibaki, kwani kama Wageni wangepewa jembe labda wangelima, na nchi ingepata mkulima wa kweli hatimaye. Akapewa ubalozi katika nchi yenye theluji. Methali ikarekebishwa ikawa: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe shamba.

Mwisho yakabomolewa madungu. Dungu ni kile kichanja kirefu cha miti ambacho mkulima hupanda juu yake kuamia, yaani kulinda mazao yasiliwe na ndege na wanyama. Serikali iliona si heshima mwenyeji kukaa juu kuliko Mgeni.

*

Katika kijiji cha Lukanda, pembezoni mwa msitu, aliishi mkulima aitwaye Abedi Ngwale. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye mke aitwaye Hidaya, mama mzee, na watoto waliokula kama watoto wanavyokula. Riziki yao yote ilitoka katika shamba moja la mahindi. Mahindi yakikubali, walishiba mwaka mzima. Yakikataa, walikunywa uji mwepesi na kuwasikiliza watu wa redio wakishiba kwa niaba yao.

Shamba hilo lilipakana na la Bi Sikitu. Huyu alikuwa mwanamke anayeishi peke yake, mrefu, mwenye sauti ya kufika hadi kijiji cha pili, na jembe lake lilikuwa halijui kuchoka. Abedi alikuwa mtu wa Bondeni na Sikitu mtu wa Mlimani, kwa hiyo walikuwa watani.

Babu za Bondeni na babu za Mlimani walipigana vita virefu, kisha wakachoka, wakala kiapo kwamba kuanzia hapo watatukanana tu. Kiapo hicho kilikuwa kinashikwa kuliko sheria yoyote ya Furahani, labda kwa sababu hakuna aliyelipwa kukisimamia. Mtani akikuita mwizi, unacheka. Akichukua jogoo wako akaenda naye, unacheka na kumuuliza kama anahitaji chumvi. Neno la mtani halijibiwi kwa hasira hata likichoma vipi, maana mtani akisema, hasemi, anacheza. Asubuhi Sikitu alikuwa akimkuta Abedi mpakani na kumuuliza kama leo amenawa uso au umande umemwonea huruma. Abedi naye alimwambia kwamba watu wa Mlimani hawana haja ya kunawa, kwani uchafu ndio unaowashikilia wasiporomoke.

Lakini utani si midomo tu. Baba yake Abedi alipofariki, Abedi alikaa kwenye mkeka kama gogo, hali, halii, hasemi. Ndipo Sikitu akatokea mbele ya waombolezaji amevaa koti la marehemu, anachechemea kama marehemu, anadai ugoro kwa sauti ya marehemu na kuuliza kwa nini watu wamejazana kwake wakati chakula ni kidogo. Watu walikufa kwa kicheko. Abedi naye alicheka, na katikati ya kicheko hicho kilio kikapata njia, akalia mpaka akatulia. Hidaya alikuwa akisema kwamba siku ile Sikitu ndiye aliyemrudishia mume wake.

Dungu lao lilikuwa moja, pale pale mpakani. Asubuhi aliamia Sikitu mashamba yote mawili, alasiri aliamia Abedi. Hapakuwa na aliyewahi kuvunja zamu. Kikosi cha wilaya kilipokuja kulibomoa, miti yake ilichukuliwa kuchomea mbuzi wa sherehe ya kuwakaribisha Wageni, ingawa Wageni hawali mbuzi. Waliokula walikuwa wenyeji wao kutoka wilayani.

*

Nyani wakaja. Sisi tutawaita hivyo hivyo, maana sisi si watu wa Furahani.

Siku ya kwanza walikaa ukingoni mwa msitu wakichungulia, kama watu wanaodhani wameitwa kwa makosa. Walipoona hakuna debe linalolia wala mtu anayepiga kelele, wakaingia. Waling'oa mahindi machanga, wakaonja, wakatupa, wakang'oa mengine. Upande wa Sikitu waliharibu kidogo na upande wa Abedi kidogo. Abedi alisimama pembeni mikono nyuma, kama sheria ilivyoagiza, na kuwatakia makaribisho mema.

Jioni hiyo aliwatazama wanawe wakila akaona hofu aliyokuwa hajaijua. Alijua nyani kama mkulima yeyote anavyowajua: mahali walipokula leo ndipo watakapoanzia kesho, na njia waliyopita mara moja huwa barabara yao. Wakianzia kwake, kwake kutakwisha. Wakianzia kwingine, watashiba huko na kurudi msituni.

Basi kulipopambazuka akachukua chane ya ndizi mbivu kutoka mgombani nyuma ya nyumba yake. Akazungukia msituni, akaja kutokea upande wa juu wa shamba la Sikitu, mbali kabisa na mpaka wake. Akaziweka chini, akaondoka bila kugeuka. Moyoni alijiambia kwamba nia yake ni kuwapumbaza tu wale wanyama, wapite mbali na mashamba yote mawili, na kwamba Sikitu mwenyewe angemshukuru. Alijiambia hivyo kwa bidii sana, kama mtu anayemwelezea askari.

Nyani wakaja, wakala ndizi. Ndizi zikaisha upesi. Mahindi ya Sikitu yalikuwa hapo hapo mbele yao, wakaendelea.

Kesho yake Abedi alipeleka tena. Na keshokutwa yake. Hidaya alipouliza ndizi zinakwenda wapi, alimwambia amezigawa kwa wazee. Mkewe akamsifu kwa moyo wake mzuri.

Shamba la Sikitu likaanza kulala kutoka juu kwenda chini. La Abedi likasimama, likatoa ndevu, likapendeza.

Sikitu aliyaokota maganda ya ndizi shambani kwake akashangaa, kwani yeye hakuwa na mgomba hata wa dawa. Alikuja nayo hadi mpakani akamwonesha mtani wake. Akamuuliza hawa waheshimiwa wanatoka karamu gani hata wanakuja kwake wameshakula matunda.

Hapo Abedi angeweza kusema. Wakati wenyewe ulikuwa umesimama mbele yake ukimtazama. Badala yake akajibu, "Hao ni ndugu zako wa Mlimani. Wamekuja na zawadi zao, na wewe hata kuwapokea mzigo hujui."

Sikitu alicheka mpaka akakaa chini. Abedi alicheka pia, kwa sababu utani ndivyo unavyotaka, lakini kicheko chake kilitoka kikiwa kikavu. Siku hiyo alipeleka mahindi mabichi nyumbani kwa Sikitu, kikapu kizima. Sikitu alikipokea kwa mikono miwili akapaza sauti wasikie majirani kwamba mtu wa Bondeni ametoa, basi jamani tubuni, dunia inakwisha. Kisha akasema taratibu kwamba kwa kweli amemfaa, kwani ndani hana kitu. Abedi alirudi nyumbani, na chakula chake cha siku hiyo akawaachia watoto. Alijisikia mchafu, na alijua hakuna maji ya kisima chochote yatakayomwosha.

Alfajiri akapeleka ndizi nyingine. Alikuwa akilia, lakini alipeleka.

*

Wakati huo Mkurugenzi wa Ukarimu wa Wilaya alikuwa katika shida kubwa. Aliitwa Mheshimiwa Mtunguja, mtu mwenye tumbo la kutangulia na sauti ya kufuata. Habari zilikuwa zimefika makao makuu kwamba Wageni wa Kudumu wanakula mazao ya wananchi. Mtukufu Mlezi aliudhika sana, si kwa ajili ya mazao, bali kwa sababu wale watu wa ng'ambo walikuwa wanarudi, na aliwaahidi kuwaonesha jinsi binadamu na Mgeni wanavyoishi bega kwa bega bila manung'uniko. Akamwagiza Mtunguja athibitishe upesi kwamba habari hizo ni uzushi.

Mtunguja alizunguka wilaya nzima. Kila alipopita aliona mabua yaliyovunjika, na kila mahali aliagiza watu wayasimamishe kwa kamba. Alipofika Lukanda akaliona shamba la Abedi Ngwale. Alishuka kwenye gari, akavua kofia. Mahindi yalisimama safu kwa safu, hakuna hata bua moja lililoguswa, na kule juu, kwenye shamba la jirani, Wageni walikuwa wakionekana waziwazi.

Wanakijiji wakakusanywa, na Mtunguja akahutubia juu ya boneti ya gari. Alisema hiyo ni siku ya furaha kwa sayansi ya Furahani. Akawaomba wazingatie kwa akili zao zote, kwa wale waliobahatika kuwa nazo. Hapa kuna mahindi. Pale kuna Wageni. Hakuna uzio, hakuna dungu, hakuna mbwa. Na mahindi hayajaguswa. Kwa hiyo imethibitika, pasi na shaka, kwamba Wageni hawali mahindi.

Watu wakapiga makofi. Sikitu, ambaye hakuwa na tabia ya kumeza maneno, akaomba kujua kama hawali mahindi, basi ya kwake yamekwenda wapi.

Mtunguja akalitazama lile shamba lililolala. Alikunja uso kwa muda, kisha uso ukakunjuka, na watu wa Lukanda walipouona uso huo umekunjuka wakaogopa. Alisema swali hilo ni zuri sana, na kwamba yeyote anayefikiri atapata jibu lake mwenyewe. Wageni hawali mahindi. Mahindi hayapo. Shambani huwa anaingia nani mwingine? Basi Bi Sikitu ameyala mwenyewe, yakiwa mabichi, kwa haraka isiyo ya kawaida, kisha akawasingizia Wageni wa Taifa.

Kosa la kumsingizia Mgeni lilikuwa na adhabu moja tu. Shamba la mkosaji lilichukuliwa na kugeuzwa kuwa Bustani ya Mapokezi.

Abedi akaitwa mbele, akavishwa shada la majani, akatangazwa kuwa Mwenyeji Bora wa Wilaya. Akaambiwa ajiandae kutoa ushahidi barazani. Kazi yake ilikuwa nyepesi. Asimame tu, aseme kwamba mahindi yake hayakuguswa, jambo ambalo hata malaika wasingelipinga.

*

Siku zilizobaki Abedi alizipitisha kama mgonjwa. Ndizi aliacha kupeleka, lakini kuacha nako hakukumsaidia, kwani shamba la jirani lilikuwa limeshakwisha. Hidaya alidhani ni woga wa kusimama mbele ya wakubwa. Sikitu ndiye aliyemjia kumfariji, hebu fikiria, yeye aliyekuwa anakwenda kunyang'anywa. Alimwambia asiogope, aseme kweli ya shamba lake na yeye atasema kweli ya lake, na kama mtu wa Bondeni akianguka mbele za watu kwa kutetemeka, yeye atamwokota kwa mkia.

Hapo ndipo Abedi alipoapa moyoni kwamba atasema yote. Waje wamchukulie shamba yeye, wamfunge yeye. Aliona afadhali wanawe wanywe uji mwepesi kuliko yeye kuendelea kula yale mahindi, ambayo tangu siku nyingi yalikuwa hayana ladha mdomoni mwake.

Baraza lilifanyika mbele ya ofisi ya kijiji. Mtunguja alikuwa mwenyekiti, pia mwendesha mashtaka, na pia mwakilishi wa walalamikaji. Walalamikaji wenyewe, yaani Wageni, walitengewa kiti chenye kitambaa cheupe. Hakufika hata mmoja, na udhuru wao ukapokelewa kwa heshima zote. Sikitu aliulizwa kama ana la kusema. Akasema mahindi yake yameliwa na nyani, akapewa onyo kwa lile neno, akasema basi yameliwa na watukufu. Kisha akaitwa Abedi.

Alisimama. Alitaka kuanza na "Mheshimiwa Mwenyekiti", lakini macho yake yalikwenda kwa Sikitu, na Sikitu alikuwa akimtazama kwa yale macho ya kuchokoza, ya kumpa moyo. Tangu utotoni hakuwa amewahi kumwita mwanamke huyu kwa jina jingine. Maneno yakatoka kama yalivyozoea kutoka.

"Mtani wangu," akasema, "mimi ndiye mwizi wako. Nilikuwa nikiwawekea nyani ndizi juu ya shamba lako kila asubuhi, ili wale mahindi ya kwako waniachie ya kwangu."

Kisha Mtunguja akaangua kicheko.

Alicheka tumbo likatikisika, na baada yake baraza lote likapasuka. Wazee walipiga mapaja. Watu wa Mlimani walipiga kelele kwamba leo Bondeni wamekiri, na watu wa Bondeni wakajibu kwamba hata kuiba kunahitaji akili, ndiyo maana Mlimani hawawezi. Abedi akarudia kwamba hasemi utani. Watu wakazidi. Akaapa kwa kaburi la baba yake, na mzee mmoja akaanguka kwenye benchi, kwa sababu watani wote huapa kwa makaburi, na kadiri kaburi lilivyo karibu ndivyo utani unavyonoga. Kila alipokaza uso walisema hajapata kuigiza vizuri namna ile.

Sikitu naye alicheka, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa. Alikuwa wa kwanza katika safu yake kucheka. Kisha mkono wake, uliokuwa umefunika mdomo, ukashuka polepole. Abedi alimwona akiacha kucheka. Alimwona akikumbuka yale maganda aliyoyaokota shambani, na mgomba ulioko nyuma ya nyumba ya Abedi, na kikapu cha mahindi mabichi. Katika baraza zima hao wawili tu ndio waliokuwa wakitazamana.

Hapo ilimpasa Abedi apige kelele. Ilimpasa awashike mashati awaburute mpaka kwenye mgomba. Lakini watu walikuwa wanacheka, wanampenda, wanampungia mikono, na yeye alikuwa amechoka, na wanawe walikuwa nyumbani. Midomo yake ikafunguka yenyewe akatabasamu. Halikuwa tabasamu kubwa, lakini liliwatosha wote waliokuwepo, na Sikitu aliliona.

Mtunguja akajifuta macho, akasema Furahani inautambua utani kuwa urithi wa taifa, na kwamba maneno ya mtani kwa mtani ni burudani, si ushahidi. Akamshukuru shahidi kwa kuchangamsha shughuli. Shamba la Bi Sikitu likachukuliwa. Kwa huruma ya serikali akapewa eneo jingine nyuma ya kilima, ambalo hati ilisema lina mandhari nzuri. Mandhari yenyewe ilikuwa ni mawe.

*

Abedi hakustahimili. Asubuhi iliyofuata alikwenda wilayani, akakaa kwenye korido mpaka akaruhusiwa kumwona Mkurugenzi. Hakukaa kitini. Alieleza tena kila kitu tangu mwanzo, ndizi, msitu, maganda, bila kulitaja neno mtani hata mara moja, na akaomba shamba la Sikitu lirudishwe na lake lichukuliwe.

Mtunguja alifunga mlango. Safari hii hakucheka. Alimtazama Abedi kwa namna ambayo ungeweza kusema ni ya kibinadamu.

"Nakuamini, ndugu Ngwale," alisema. "Nilikuamini pale pale. Kwa nini unadhani nilikuwa wa kwanza kucheka?"

Akamweleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mwanawe, kwamba Mgeni akikubalika kuwa amekula, basi amekula wilaya nzima, na watu wa ng'ambo wamekwisha kata tiketi. Halafu akamshika bega na kumwambia kwamba dhamiri ni kitu kizuri sana kwa mkulima, aende nayo nyumbani, aitunze. Abedi akatoka. Mlangoni alikabidhiwa bango la Mwenyeji Bora, akalibeba, kwa sababu askari alimwambia haliachwi.

*

Watu wa ng'ambo walikuja, wakaoneshwa mahindi ya Abedi Ngwale, wakapiga picha, wakaondoka. Bustani ya Mapokezi ilipandwa maua mekundu yaliyoandika neno "Karibu". Wageni waliyang'oa wakaonja, wakatema. Hapo palikuwa hapana tena kitu cha kuliwa, na ndizi zilikuwa zimekoma.

Msimu uliofuata, mahindi yalipoanza kutoa ndevu, waliteremka kwa Abedi.

Alisimama pembeni, mikono nyuma. Kulalamika hakuweza, kwani yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa uthibitisho wa taifa kwamba Wageni hawali mahindi, na bango lilikuwa limesimama hapo njiani likisema hivyo kwa herufi za buluu. Hidaya alikuwa ndani analia. Alishaambiwa yote. Abedi alimweleza siku aliyorudi wilayani, na tangu hapo mkewe alikuwa akimpa chakula bila kumtazama usoni. Lakini Abedi, akiwaona wale wanyama wakivunja mabua yake, alisikia kitu kinachofanana na nafuu, akajichukia kwa hilo pia, maana wanawe hawakumkosea mtu.

Ndipo Sikitu akatokea njiani, jembe begani, anatoka kwenye mawe yake. Alikuwa amekonda. Tangu baraza walikuwa hawajakutana uso kwa uso, kwani njia ya kwenda nyuma ya kilima ni nyingine, na siku hiyo ilikuwa imefungwa na maji. Alifika usawa wa shamba akasimama. Aliwatazama nyani, akalitazama bango, akamtazama Abedi.

Hakuna mtani, tangu babu wale wachoke kupigana, aliyewahi kupewa nafasi nono kama hiyo. Abedi aliyangoja matusi yake kama mtu wa kiangazi anavyongoja wingu. Amwite mwizi, amwite nyani mwenzao, apaze ile sauti yake watu watoke majumbani, na yeye acheke, na kilio kipate njia. Alipoona hasemi, akamsogelea mpakani akaanza mwenyewe, kwa sauti iliyokatika.

"Wewe mtu wa Mlimani, njoo uwachukue ndugu zako. Wananimaliza."

Sikitu alishusha jembe begani. Alifunga vizuri upindo wa kanga yake, kama mwanamke anavyofanya anapoongea na mtu wa kuheshimiwa, mtu asiyemfahamu.

"Pole sana kwa hasara, Bwana Ngwale," alisema. "Mungu atakujalia. Wasalimie nyumbani."

Akaliinua jembe lake, akaenda zake taratibu. Abedi akabaki amesimama, na nyuma yake wale Wageni wakaendelea kula.